Visu vya Watu

Huwezi kushona ala ya kisu bila kisu chenyewe. Wateja wengi hawakulielewa hilo. Walidhani watachora kisu kwenye karatasi, waende zao, kisha warudi kuchukua ala. Mimi sina subira na mtu anayenifundisha kazi yangu, kwa hivyo niliwaambia wakanunue viatu na miguu wameiacha nyumbani. Kisu kilibaki kwetu. Tulikipaka mafuta na kukifunga karatasi ya nailoni kisishike kutu, tukalowesha ngozi kwa maji ya vuguvugu, tukaikandamiza juu yake kwa vidole mpaka ikashika umbo. Halafu tuliviacha vikauke pamoja siku mbili tatu.

Nasema sisi kwa sababu tulikuwa wawili. Mwenzangu alinizidi miaka kama kumi. Babake alikuja Nakuru kutoka magharibi kufanya kazi ya reli, na yeye akazaliwa hapa hapa, kwenye nyumba za wafanyakazi wa reli. Kibanda chetu kilikuwa nyuma ya duka la hadiwea la familia moja ya Kihindi. Alinikaribisha hapo wakati mafundi wengine walicheka wakisema mwanamke ashone vikapu. Yeye aliniita fundi, nami nikamwita fundi, na katika miaka sita sikumbuki tukiitana vingine.

Ala ndefu tulizishona tukiwa tumetazamana. Ngozi ilibanwa kwa mbao mbili katikati yetu, yeye na sindano yake upande ule, mimi na yangu upande huu, nyuzi zote mbili zikipita katika tundu moja. Ilibidi tuvute kwa wakati mmoja, la sivyo mshono ulikwenda upande. Mimi nilikuwa nafoka kuhusu hili na lile, yeye akivumisha wimbo wa kanisani puani, na mikono yetu ilielewana tu.

Mwaka wa 2007 kazi ilikuwa nzuri. Mafundi wa mitambo ya umeme ya Olkaria walitaka mifuko ya koleo ya kuvaa kwenye mshipi. Wenye bucha walikuja, na wafugaji, na mzee mmoja Kalasinga aliyesimama mlangoni hadi tulipomaliza kushona ala ya kisu chake cha dini, kwa sababu hakutaka kiachwe peke yake. Desemba wateja wakaongezeka ghafla. Nilisema ni sikukuu, watu watachinja. Mwenzangu aliuliza mbona wote wanataka ala ya kuvaa kiunoni. Nikamwambia aache kuwaza sana, atazeeka. Tulipofunga kwa ajili ya Krismasi na uchaguzi, visu saba vya watu vilikuwa ndani ya sanduku, vinakaukia kwenye ala zake.

Januari, matokeo ya kura yalipokataliwa, kila mtu anaijua. Malori yaliingia mjini kutoka pande za Kuresoi yamebeba watu na vitanda na kuku. Kabila langu na kabila la mwenzangu yalikuwa yanatafutana, na sisi wawili tulifungua kibanda kama kawaida, tukishona kidogo na kusikiliza redio sana.

Asubuhi moja mwishoni mwa mwezi aliniambia, "Fundi, hizi visu tusipeane sasa. Tuseme zimeibiwa."

"Kisu ya mtu ni ya mtu," nikamjibu. "Mimi si mwizi."

"Sijasema wewe ni mwizi. Nasema tungoje."

Nilipandwa na hasira. Niliona anataka kuharibu jina la kibanda, jina nililolipata kwa jasho zaidi kuliko yeye, maana mwanamke katika kazi hii akipoteza hata kifungo cha mtu husemwa mji mzima. Kabla hatujamaliza kuzozana, jirani yangu mmoja akafika, kijana wa kabila langu, mpole, wa kanisa. "Mathe, nimekujia kisu yangu." Nikampa, makusudi, mbele ya mwenzangu. Siku mbili zilizofuata nilivitoa vyote. Kilipotoka cha saba, mwenzangu alivua aproni, akaitundika kwenye msumari, akaondoka bila kuaga. Nikasema moyoni, nuna tu, utarudi.

Siku iliyofuata moto uliingia mjini. Nilisikia kwamba mtaa wake wote umehamishwa, na kwamba yeye na mkewe na watoto wako uwanja wa michezo, chini ya turubai. Nilimpigia simu mara mbili, ikawa imezimwa, nikajiona nimetimiza wajibu. Wiki ya kwanza niliogopa, na mtu yeyote angeogopa, kulikuwa na vizuizi barabarani. Lakini wiki ya pili barabara zilifunguka. Sikwenda. Wiki ya tatu sikwenda. Nilijua amenikasirikia kwa sababu ya visu, nami nilitaka aje yeye kwanza aseme nilikuwa na haki. Kila asubuhi niliketi kwenye benchi na hotuba yangu tayari, nikiinua macho kila mtu alipopita mlangoni. Viongozi walipopatana nikajipa moyo nikaenda uwanjani, na sukari na unga kwenye kikapu. Niliambiwa watu wa upande ule walishapandishwa mabasi kurudi magharibi, mahali ambapo yeye hajawahi kuishi.

Alikuja Agosti kuchukua vyombo vyake. Alikuwa amekonda. Nilimpikia chai kwenye jiko la kibandani, tukanywa tukiwa tumesimama, kisha nikaanza ile hotuba, kwamba visu vilikuwa vya wenyewe, kwamba kazi ina heshima yake.

"Mmoja wao alikuja kwangu," akasema. "Nilifungua mlango nikaona ala kiunoni. Nikajua mshono wetu. Hakuchomoa. Aliniambia tu tutoke."

Niliweka kikombe changu juu ya meza.

"Lakini visu nilishasahau, fundi. Ungefanya nini, wangekuja na fujo wavunje." Alikuwa anafunga misumari yake ya kutobolea kwenye kitambaa, mmoja mmoja. "Mimi nilikuwa nakungoja. Nilikaa pale uwanja wiki tano. Mama watoto akisema twende na basi ya kwanza, namwambia hapana, tungoje, fundi atakuja kutuona. Basi tatu zimeenda nikingoja."

Hapo ndipo ningelia. Hapo ndipo ningemshika mkono nimwombe msamaha, na Mungu anajua neno lilikuwa mdomoni.

"Nilikuwa na kazi mingi," nikasema.

Akatazama ngozi ambazo hazijakatwa tangu alipoondoka. Akatazama uzi, nta, meza. Hakuna mtu mjini aliyetaka ala ya kisu mwaka ule, na yeye alilijua hilo kama mimi.

"Sawa, fundi," akasema. "Kazi ni kazi."

Akabeba mzigo wake, akanishukuru kwa chai.