Mfalme Niliyemsifu Alikuwa Marehemu

Mtu aliyeshuka duara, shimo la dhahabu lenye kina cha mita tisini, kule Bulyanhulu, tochi mdomoni, hashtuliwi na kitu. Hivyo ndivyo nilivyoamini mpaka Mwalimu Regina, mjane ninayetaka kumposa, aliponialika kwenye kikundi chake cha wasomaji.

Walikuwa wanane, wakibishania riwaya ya majoka na falme yenye kurasa mia tisa. Wanne walisema inachosha. Wanne, Regina akiwemo, walisema ni tamu mpaka mwisho.

Mimi niliipima kama tunavyopima mwamba kwa vipande viwili tu: sampo ya juu, ukurasa wa kwanza, sampo ya chini, ukurasa wa mwisho. Kote nikamkuta Mfalme Duma.

"Nimeimaliza," nikasema. "Uvumilivu wa Duma umenitoa machozi. Kama naongopa, nawanunulia nyote juzuu ya pili."

Regina akaniuliza taratibu, "Duma yupi, Baba Masalu? Yule wa mwanzo aliliwa na joka ukurasa wa tano. Wa mwisho ni mjukuu wake, karithi jina."

Na mimi mwenyewe nimerithi jina la babu. Hata wale wanne waliochoshwa walidai nakala zao: jumla shilingi laki tatu na elfu sitini.