Chapati Ndani ya Mlima

Mama mkwe wangu alikuwa ameishi Houston miaka kadhaa kabla sijajua akicheka anasikika vipi. Kwetu Bungoma, mwanamume na mama mkwe wake hawashikani mikono, hawali pamoja, na mmoja akiingia chumbani mwenzake hutafuta sababu ya kutoka. Tulipohamia Amerika tulihama na desturi hiyo. Kila nilipoendesha gari kutoka nyumbani kwetu Arlington, mke na watoto ndani, hadi Gulfton, mtaa wa Houston alikokuwa akiishi na mwanawe wa kiume, nilimkuta ameshajifungia chumba cha ndani. Mimi nilikaa sebuleni, tukasalimiana kupitia ukuta.

"Mkwe, mmefika salama?"

"Tumefika salama, Mama."

"Watoto wanakula?"

"Wanakula sana."

Basi, mpaka safari nyingine.

Kisha mdogo wake mke wangu, aliyeolewa Uswisi, akajifungua mtoto wake wa kwanza. Mke wangu ni muuguzi. Aliomba likizo akatangulia na watoto wetu kwenda kumsaidia mdogo wake, na mama yao angefuata visa ikitoka. Visa ilichelewa. Ilipotoka, yule mwanawe wa Houston hakupata ruhusa kazini, na mama hangeweza kusafiri peke yake na kubadilisha ndege katika nchi asizojua lugha zake. Mke wangu akanipigia simu kutoka huko.

"Utamleta Mama."

"Mimi na yeye? Wawili tu?"

"Kwani nani mwingine amebaki?"

Uwanja wa ndege wa Houston niliomba tupewe viti vilivyoachana. Dada wa kwenye kaunta alitutazama, mimi huku, mama mkwe kule kando ya nguzo amenipa mgongo, akaniuliza kwa upole kama tumegombana. Nikamwambia hapana, tunaheshimiana. Akatupa viti viwili vya mbali sana, nadhani kwa usalama wa abiria wengine.

Zurich tulikodi gari dogo. Mama alikaa nyuma, nyuma ya kiti changu kabisa, hata kioo cha ndani kisiweze kunionyesha uso wake. Ilikuwa Aprili na mabondeni majani yalikuwa yameanza kuota, lakini juu milima yote ilikuwa bado nyeupe. Tulienda muda mrefu bila neno. Mwishowe sauti ikatoka nyuma yangu.

"Theluji yote hii, nani anaifagia?"

"Sijui, Mama. Labda wanaiacha tu."

"Hm," akasema.

Mimi ni mtu wa Texas sasa. Nimezoea barabara inayonyooka mpaka macho yachoke, na ukitaka kufika mahali unaendelea tu kukanyaga mafuta. Kwa hiyo tulipofika kijiji cha Kandersteg na ramani ya simu ikanionyesha kwamba barabara inaishia hapo, mbele ya ukuta wa mwamba unaofika mawinguni, nilijua simu imeharibika. Nikasimama kando nikampigia mke wangu.

"Haijaharibika," akasema. "Ni hapo hapo. Gari linapanda treni."

"Linapanda nini?"

"Treni. Unaliingiza gari kwenye treni, treni inapita chini ya mlima, unatokea upande wetu. Na usi-drive kama uko Texas, njia yake ni nyembamba."

Ilibidi nimweleze mama mkwe. Nikageuza kichwa kidogo, kama mtu anayeongea na kioo cha mlango.

"Mama, wanasema gari linapanda treni."

"Na sisi?"

"Sisi tunabaki ndani ya gari."

"Na treni inaelekea wapi?"

"Inaingia ndani ya mlima."

"Mkwe, mimi nimekuja kuona mjukuu. Sikuja kuzikwa."

Lakini foleni ilishaanza kusogea na nyuma yetu kulikuwa na magari. Mfanyakazi aliyevaa jaketi la rangi ya chungwa akatupungia mkono. Nikapandisha gari kwenye behewa la mwisho, kisha nikaendelea mbele, behewa baada ya behewa, chini ya paa la bati, vyuma vikiwa karibu na vioo vya pembeni kiasi kwamba nilibana pumzi nikidhani gari nalo litapungua. Tulipofika nyuma ya gari lililotutangulia nikavuta breki ya mkono, nikazima injini.

"Sasa dereva ni nani?" sauti ikauliza.

"Kuna dereva wa treni, Mama, yuko mbele."

"Kwa hiyo wewe si dereva tena."

"Kwa sasa mimi ni mzigo."

Nikasikia kitu kama kikohozi, kikarudi mara ya pili, kikawa kirefu. Mama mkwe wangu alikuwa anacheka. Ni kicheko chembamba, cha msichana, kinachopanda juu kisha kinakatika ghafla kama kimejikwaa. Nami nikacheka, nikitazama mbele.

Treni ikaondoka. Gari lililozimwa likaanza kwenda lenyewe, usukani ukiwa umetulia tu, na mlima ukatumeza. Giza lilikuwa zito, pamoja na kishindo cha magurudumu na upepo wa baridi unaonuka mawe.

"Mkwe, upo?"

"Nipo, Mama."

"Unaniona?"

"Sioni hata mkono wangu."

"Mimi pia sikuoni," akasema, na sauti yake ilikuwa imebadilika, imekuwa na furaha ya kisirisiri. Karatasi ya foili ikachakacha. Harufu ya chapati ikajaa garini, chapati alizopika Gulfton kabla ya safari akazificha kwenye mkoba wake, na kitu laini kikanigusa bega.

"Shika."

"Mama, tunakula pamoja?"

"Nani anakula pamoja? Mimi niko huku nyuma nakula zangu. Wewe ukiokota chapati gizani, shauri yako."

Nikaiokota. Ilikuwa baridi, na sijawahi kula chapati tamu kama ile. Huku tukitafuna, kila mtu upande wake, alianza kuzungumza kama mtu aliyefunguliwa. Aliniambia kwamba miaka yote ile amekuwa akisikiliza hadithi zangu kupitia ukuta. Ile ya siku nilipofungia ufunguo ndani ya gari huku injini ikinguruma, nje ya bohari ninakofanya kazi Grand Prairie, alilazimika kuuma mto asisikike.

"Na siku ulipokuja kuposa," akasema, "nilichungulia dirishani. Nikasema, kijana mwenye shingo nyembamba hivi atambeba nani?"

"Lakini mlinikubali."

"Baba yake alikubali. Mimi nilikubali baadaye sana."

"Lini, Mama?"

Alitafuna kwanza. "Mlipofika huko Amerika na mwanangu hajajua kuendesha gari. Aliniambia kwamba ukitoka kazini hulali, unampeleka yeye kazini, kisha unamrudia. Hapo nikasema shingo inatosha."

Nikajipapasa shingo. Bahati nzuri giza lilikuwepo.

Mbele kukatokea nukta ya mwanga, ikakua. Foili ikakunjwa haraka haraka. Tulipotokea juani, bonde lote likiwa wazi mbele yetu, nilikuwa nimeshafuta mdomo kwa mkono, na nyuma yangu mama mkwe aliketi kimya, mwenye heshima zake, kama kanisani. Nikawasha gari, tukashuka.

Nyumbani kwa shemeji yangu walikuwa wametoka mlangoni kutupokea. Mumewe, Mswisi mrefu mwenye masharubu, ambaye hakuna mtu aliyekumbuka kumweleza chochote, alimwendea mama mkwe mikono imetandazwa, akambusu shavu la kulia, la kushoto, halafu la kulia tena, kama wanavyosalimiana kwao. Mama akasimama kama mlingoti. Mke wangu alijiziba mdomo kwa mikono miwili.

"Haya," mama akasema taratibu. "Huyu amevunja mwiko mara tatu."

Kisha akacheka kile kicheko chake mbele ya watu wote, akanyoosha mikono kumpokea mjukuu.

Chakula kiliandaliwa meza moja. Nikachukua sahani yangu kwenda kusimama barazani. Mama, bila kuinua macho kutoka kwa mtoto, akasema, "Huko nje kuna baridi. Kaa pale mwisho, uangalie milima." Nikakaa mwisho, nikaangalia milima. Wakaleta viazi na jibini iliyoyeyushwa, ikivutika kama ulimbo kila ukiinua uma. Mama akajaribu mara moja, uzi wa jibini ukafika kidevuni. Akauangalia, akaangalia meza nzima, kisha akanigeukia mimi.

"Mkwe, hii inaliwaje?"

Nikazungusha uma wangu polepole ili aone.