Dominiko Mloka na Mkia wa Treni

Dominiko Agustino Mloka, mtoto wa Kristina binti Kobelo, wa Mkuyuni. Kwetu Waluguru mtu huhesabiwa kwa mama, nami nahesabu hivyo hivyo. Bibi yake alishusha ndizi kwa kichwa hadi Morogoro mjini, akalala, akapanda tena mlima kesho yake, wala hakuwahi kumpunja mtu hata chane moja. Mjomba wake Joseph, mwaka ule wa matuta, aliamriwa na mkoloni alichimbe shamba la mama zake liwe ngazi za matuta. Akaketi chini na jembe mapajani, akasema hachimbi, na hakuchimba. Kristina alizalisha wanawake wa kilima kizima. Dominiko naye alifanya kazi ya reli miaka thelathini na moja, kuanzia mshika bendera hadi steshenimasta wa stesheni ndogo, na katika miaka hiyo hakuna treni mbili zilizogongana mkononi mwake.

Ni mdogo wangu, tumenyonya ziwa moja. Naandika kwa sababu mjini wanasema alifukuzwa chuoni kwa uzee. Waongo hao. Hakufukuzwa.

Reli ilimpunguza mwaka tisini na saba, yeye na wenzake wengi, kwa barua ya mistari minne. Ndiyo ilikuwa miaka ya soko huria. Viwanda vyetu vilifungwa kimoja baada ya kingine, mbuzi wakalala kwenye mageti, na kila mwenye chumba na kompyuta mbili kuukuu akaandika ukutani: CHUO. Mmoja wao alikuwa Thobias, mfanyabiashara wa mitumba aliyepata ghala tupu la kiwanda. Ghala likapakwa rangi ya bluu, yeye akaanza kuitwa Mkurugenzi.

Huyo Thobias alinunua treni ndogo za umeme kwa Mjerumani mmoja aliyekuwa akifundisha mjini, alipokuwa anarudi kwao. Vichwa vinne vya kuvuta, mabehewa ishirini, reli za kuunganisha juu ya meza, na diski ya programu ya kompyuta ya kuziongoza. Akatangaza kozi: Uongozaji wa Treni kwa Kompyuta. Alisema wawekezaji wanakuja kuchukua reli, nao watataka vijana wenye vyeti. Wakajiandikisha vijana ishirini na wawili, wengine wametoka Gairo na Mlali, wazazi wameuza mahindi.

Binti yangu Rosa alikuwa mwalimu wa kompyuta hapo. Ndiye aliyesema, "Mkurugenzi, mjomba wangu anaijua reli." Wakamwita. Dominiko akapanga meza ile kwa mikono yake: stesheni tatu, njia moja kama ilivyo reli yetu, na mlima wa karatasi na uji wa ngano wenye handaki katikati.

Kufunga programu aliletwa Eric, kijana wa Dar mwenye miwani ya jua kichwani hata ndani ya nyumba. Siku ya kwanza alichora reli yote kwenye kioo cha kompyuta, ikapendeza kweli. Akabonyeza kichwa kimoja kiende. Vikaenda vyote vinne kwa pamoja, viwili vikavaana uso kwa uso.

"Aa, mashine imechanganyikiwa," akasema Eric.

"Mashine haijachanganyikiwa," Dominiko akamjibu. "Vimetoka kiwandani vyote vina namba tatu. Ukiita namba tatu, vyote vinaitika. Kipe kila kimoja namba yake, baba."

Alikuwa amekisoma kitabu cha maelekezo kilichokuja na treni, cha Kiingereza, siku nne, na kamusi pembeni. Eric hakukifungua. Akacheka, lakini namba alizibadilisha.

Ubaya wenyewe ulikuja baadaye. Mjerumani aliacha kikasha cha sumaku ndogo kama punje za dengu, pamoja na swichi za kufukia chini ya reli. Sumaku inagundishwa kwenye treni. Ikipita juu ya swichi, kompyuta inapata habari kwamba treni imepita hapo. Swichi zilikuwa kumi na saba, kila moja na waya wake wa kulehemu. Eric akaziona, akasonya.

"Mzee, hii kazi ya wiki nzima. Mimi nimeiandikia sekunde. Treni ikiingia handakini, baada ya sekunde arobaini kompyuta inajua imetoka, inatoa njia kwa nyingine."

"Inajua, au inadhani?"

"Mzee, ni mdoli tu huu!"

Dominiko alinieleza hayo nyumbani kwangu huku ameshika kikombe bila kunywa. Reli haina sheria kubwa kuliko hii: steshenimasta hatoi njia mpaka auone mkia wa treni. Behewa la mwisho lina taa yake. Kichwa kikipita na mabehewa tisa si kitu, kama la kumi limekatika nyuma, limebaki limelala njiani gizani, linangoja watu. Usipoiona ile taa, treni haijapita. Yeye alitaka sumaku igundishwe chini ya behewa la mwisho, si kwenye kichwa, ili kompyuta nayo ingoje mkia.

Ijumaa niliwapelekea chakula, siku moja kabla ya wageni walioalikwa na Thobias kuja kuziona treni. Nikakuta Thobias amekaa kwenye kiti cha kuzunguka, anakizungusha. Eric anawaonyesha wanafunzi treni zikipishana, wanapiga makofi.

"Shikamoo mama," akasema Thobias bila kuinuka.

"Marahaba," nikamjibu, maana adabu ni yangu, si yake.

Dominiko akasimama karibu na mlima. Treni ilipoingia handakini akaingiza mkono upande wa pili, akalichomoa behewa la mwisho kwenye ndoano, akaliacha humo. Treni ikatoka na mabehewa manne. Sekunde arobaini zikatimia. Kwenye kompyuta, handaki likawa kijani.

"Mwalimu Eric, njia ni nyeupe, haina kitu?"

"Nyeupe kabisa, mzee."

"Tuma ya pili."

Ikatumwa. Tukasikia mgongano ndani ya mlima, kichwa kikatokeza ubavuni kikiwa kimetoboa karatasi. Wanafunzi wakaangua kicheko. Yuko mmoja hakucheka, msichana wa Gairo aliyekuwa mbele. Nilimwona.

"Umeharibu mwenyewe!" Thobias akafoka. "Wageni hawatahesabu mabehewa! Kesho vaa koti lako la reli, kaa hapo kwenye kompyuta, sema mfumo uko sawa. Basi! Vyeti vimeshachapwa."

Akafungua bahasha. Vyeti ishirini na viwili, karatasi nzuri ya kung'aa, na kila kimoja chini kimeandikwa: D. A. Mloka, Mkufunzi Mkuu. Ilibaki sahihi yake tu.

Dominiko aliomba kalamu. Thobias akatabasamu, akampa. Mdogo wangu akakaa, akavichukua kimoja kimoja. Akapiga mistari miwili kukatisha cheti, akaandika katikati: Imefutwa. Halafu saa na dakika, kama steshenimasta anavyofuta karatasi ya njia iliyotolewa kwa makosa. Saa tano na dakika kumi. Saa tano na dakika kumi na moja. Hakuna aliyemgusa. Eric alikuwa anatazama viatu vyake.

"Utavichapa vingine," akamwambia Thobias akimrudishia kalamu. "Lakini jina langu usiliweke."

"Nitaweka la Eric!"

"Weka."

Tukatoka. Rosa akatufuata hadi kwenye geti, mkoba begani, machozi yamemlenga. "Mjomba, na mimi naacha kazi leo hii. Siwezi kukaa na uchafu huu."

"Huachi."

"Mjomba!"

"Mimi nina jina la kulinda, nimeondoka nalo. Wale watoto wameshalipa, na wawekezaji watawaajiri kweli, hawatauliza walifundishwa nini. Siku moja watakaa mbele ya treni yenye watu. Nani atawafundisha kungoja mkia, yule wa miwani?"

Dominiko akatoa mfukoni kile kikasha cha sumaku, akamwekea kiganjani, akamfunga vidole.

"Swichi kumi na saba. Wakae wanafunzi wenyewe walehemu, kila mmoja waya wake, baada ya vipindi. Sumaku chini ya behewa la mwisho, usisahau. Anza na msichana wa Gairo, mpe ule waya wa handakini. Na kabla hajashika chuma cha moto, uzime umeme wa reli."