Siku Mjomba Alipokamata Kibodi Kizota

Mnisamehe kwanza kwa mwandiko. Herufi zangu huanzia juu ya mstari na kumalizikia chini yake, na nilipokosea tahajia nimekwangua kwa wembe, ndiyo maana karatasi ina matundu. Niliishia darasa la saba, na kalamu huwa naiendesha polepole. Yaliyobaki bila kukwanguliwa ndiyo niliyoyaona kuwa sawa, na hayo pia sina hakika nayo.

Wakati huo nilikuwa karani wa kikundi cha wakulima wa zabibu, Hombolo. Kazi niliipata kwa sababu ya kompyuta. Mwanafunzi mmoja wa chuo cha pale alikuwa amenipa diski ya Linux, ile programu ya kuendeshea kompyuta ambayo ni ya bure na unaruhusiwa kumgawia mwenzako, akanifundisha kwa wiki tatu. Nyingine sikuijua wala sikuwahi kuigusa. Nilichokipenda ni kwamba kwenye kompyuta unaweza kutafuta herufi moja dakika nzima, ukaikosea, ukaifuta, na hakuna atakayejua. Barua inatoka safi kama ya mtu aliyesoma.

Kisha radi ikaipiga ile kompyuta, ikafa na printa yake.

Mwenyekiti wa kikundi akaniita. "Kalete nyingine mjini," akasema. "Ukileta isiyofanya kazi, tunarudi kwenye taipureta. Na taipureta ataikalia mpwa wangu."

Mpwa wake nilishamwona akichapa. Alikuwa anachapa huku anatafuna karanga, anaangalia dirishani. Mimi kwenye taipureta nilikuwa natoboa karatasi. Nikajua kazi yangu imebaki kwenye hiyo safari.

Yule mwanafunzi akaniandikia ushauri kwenye karatasi. Nisichukue kompyuta mpya kuliko zote, maana vipuri vyake vya ndani Linux inaweza ikawa haijavijua. Printa iwe ya pini, ile nzito yenye kelele, kwa kuwa nyingi za zile ndogo za kisasa zinasikilizana na Windows peke yake. Na nisikubali kitu kabla ya kukijaribu: niweke diski, niwashe, nione kama kompyuta inaamka.

Ushauri ulikuwa mzuri, ila ulihitaji mtu mwenye mdomo. Mimi mbele ya mgeni nilikuwa naweza kusema shikamoo tu, na nikishaitikiwa nimemaliza. Mama akaamua niende na mjomba. Mjomba anafuga ng'ombe huko Haneti. Kompyuta hakuwahi kuigusa, lakini mnadani hajawahi kudanganywa.

Muuzaji tuliyemkuta mjini, mtaa wa Kizota, alikuwa na chumba katikati ya mafundi wa kuchomelea vyuma. Alikuwa amevua viatu kwa joto. Akatuonyesha moja kwa moja kompyuta nyeusi inayong'aa, yenye taa ya buluu mbele.

Mjomba akaizunguka mara mbili. Akaigonga ubavuni kwa kidole, akainama nyuma kwenye feni, akanusa.

"Huyu kapewa chumvi asubuhi," akasema.

"Chumvi gani, mzee?"

"Mnadani ukitaka ng'ombe aonekane mnene unampa chumvi, anakunywa maji, anajaa. Ukifika naye nyumbani anakojoa, unabaki na mifupa. Hii imevalishwa. Wewe mtoto, karatasi yako inasemaje?"

Nikampa muuzaji karatasi, kwa kuwa kuisoma kwa sauti nisingeweza. Akaisoma, akacheka.

"Linux? Sijaribu vitu vya watu hapa. Hiyo diski itaniletea virusi. Unanunua, unaenda kujaribu kwako."

Nilitaka kumwambia kwamba diski ile haiandiki chochote ndani ya kompyuta. Badala yake nikaifuta diski kwa shati.

Mjomba hakugombana. Alivuta kigoda, akauliza habari za nyumbani, mvua, mahindi, na mwisho kabila. Muuzaji alipolitaja, mjomba akatabasamu kama aliyeokota kitu njiani. Kabila lile na letu ni watani tangu mababu.

"Kumbe ni mtumwa wangu," akasema.

"Ishia hapo, mzee. Babu yenu alikuwa anachunga mbuzi za babu yangu, na alizipoteza."

"Alizila. Tena zilikuwa zimekonda."

Wakati muuzaji bado anacheka, mjomba alichomoa kibodi iliyokuwa mezani, akaikunja kamba yake na kuibana kwapani. "Nimekamata," akasema.

Kwa asiyejua, mtani akikamata kitu chako humkasirikii wala humwiti polisi. Unakikomboa kwa atakachokitaja.

"Basi taja," muuzaji akasema.

"Mtoto ajaribu diski yake. Akimaliza, unapata mali yako."

Muuzaji akakubali kwa kichwa. Nikaweka diski kwenye ile nyeusi. Iliunguruma, kisha skrini ikajaa mistari ya pundamilia, ikabaki hivyo. Mjomba akaiangalia. "Amekojoa," akasema.

Chini ya meza palikuwa na kompyuta nyingine, imegeuka rangi ya ugali wa jana, na printa ya pini iliyokuwa inazuia mlango usijifunge. Muuzaji alisema zilitoka kwenye ofisi fulani, na kwamba ananionea huruma nikizichukua. Tukaunganisha, nikahamishia diski humo. Ikawaka, ikalia pii moja, ikasimama. Ikaandika kwa Kiingereza.

"Inasemaje?" mjomba akauliza.

Muuzaji akasoma. "Inasema haioni kibodi. Inasema tubonyeze kitufe kwenye kibodi ili iendelee."

"Kibodi haioni, halafu inataka tuibonyeze?"

"Ndivyo ilivyoandika, mtani. Nirudishie."

"Mtoto hajamaliza kujaribu."

"Hawezi kujaribu bila kibodi."

"Mpe nyingine."

"Sina nyingine inayoingia hapo."

"Basi tutakaa."

Na wakakaa kweli. Muuzaji akakunja mikono, mjomba akabana kwapa zaidi. Niliangalia ile kompyuta iliyosimama, nikamwona mpwa wa mwenyekiti na karanga zake. Nikasikia sauti, na ilikuwa yangu.

"Mjomba, naomba kibodi. Nitaishika mimi."

Wote wawili waligeuka. Nadhani muuzaji alikuwa anafikiri mimi ni bubu.

Mjomba alifikiri. Kibodi mikononi mwangu ilikuwa bado imekamatwa, kwa hiyo sheria haikuvunjika. Akanipa. Nikaichomeka, nikabonyeza, Linux ikaamka, herufi zikashuka kwenye skrini moja baada ya nyingine bila pundamilia hata mmoja. Nikaiwasha printa. Ilipiga mstari wa kwanza, na fundi wa jirani akazima mashine yake akaja kuuliza nini kimevunjika.

"Tunachukua hii," mjomba akasema. "Inakutajia kasoro yake yenyewe kabla hujaiuliza. Ng'ombe wa hivyo sijapata."

Niliporudi Hombolo, mwenyekiti alitaka tangazo la mkutano papo hapo, kikundi chote kikiwa kimekaa ng'ambo ya meza. Wao waliona mgongo wa skrini. Mimi nikatafuta, nikakosea, nikafuta, nikatafuta. Mpwa wake alimaliza karanga zote. Karatasi ilipotoka, mwenyekiti aliisoma mara mbili akitafuta kosa, kisha akaibandika mlangoni na kuniambia nichape nyingine ya kubandikwa kata ya jirani.

Kazi ninayo hadi leo. Ila utepe wa wino wa hiyo printa umefifia, na mjini wananiambia niachane na pini. Wewe unayesoma, kama unatumia Linux na una printa inayosikilizana nayo, niandikie ni ya aina gani na tepe zake unazipata wapi. Anwani nimeiandika nyuma ya bahasha. Ukiwa na muda niambie pia ulimpeleka nani kuichagua.