Jino Moja kwa Kila Mtoto

Damu ya kwanza niliiona kwenye makapi ya muwa. Nilikuwa nimekaa barazani nyumbani kwetu Mafubira, nje kidogo ya mji wa Jinja, natafuna na kutema, mimba yangu bado changa. Nikayatazama yale makapi meupe yenye wekundu, nikainuka mkekani mbio. Nilifurahi mno. Nilifurahi hadi nikamkimbilia mama mkwe jikoni nimeachama mdomo, hata salamu nikasahau.

Mwenye akili zake atauliza furaha ya nini. Mama mkwe wangu amezaa wanne na ana mapengo manne, na kila pengo analiita kwa jina la mwenyewe. La mbele ni la mume wangu. La pembeni ni la wifi yangu aliyeolewa Iganga, ambaye tangu tumboni, eti, alikuwa mlafi. Ndivyo walivyoamini pale nyumbani: mtoto akishika vizuri tumboni huchukua jino la mama yake, na fizi zikitoka damu ujue ameanza kazi. Mimba yangu ya kwanza haikunitoa damu mdomoni hata tone. Iliharibika kabla sijaizoea, na damu niliyoiona siku hiyo haikuwa ya mdomoni.

"Umeona, mukamwana?" mama mkwe alisema, akiinua mdomo wangu wa juu kwa kidole chenye unga. "Huyu ameshika. Kila mutoto nachukua jino yake. Wacha kusugua-sugua, utamusumbua."

Basi nikaacha. Mswaki nikautupa juu ya kabati, asubuhi nikawa nasukutua kwa maji tu. Nilichagua hata jino la kumpa: gego la nyuma kabisa, lisiloonekana nikicheka. Fizi zikavimba zikawa nyekundu, mdomo ukanuka hadi mume wangu akawa ananisalimia akitazama dirishani. Nikamwambia avumilie, mwanawe yuko kazini. Mtoto alikuwa hajaanza kucheza tumboni, kwa hiyo sikuwa na habari nyingine yake. Kila nilipotema nikaona wekundu, moyo uliruka. Yupo. Bado yupo.

Idi ilipokaribia nikaenda Mbale kwa mama yangu, mtaa wa Nabuyonga. Nilifika nimejaa habari njema, nikamkumbatia, nikaanza kusimulia. Mama akarudi nyuma hatua nzima.

"Mwanangu, umekula nini kilichooza?"

Nilicheka, yeye hakucheka. Kesho yake asubuhi alinipeleka mjini kwa daktari wa meno, mwanamke kutoka kaskazini aliyetibu askari magereza na wafungwa wao miaka mingi kabla ya kufungua chumba chake mwenyewe. Kila mtu alimwita afande, na yeye hakukataa. Alinilaza kwenye kiti, akamulika, akaguna.

"Nani nakuambia uache kusugua?"

"Mama mkwe, afande. Mtoto anachukua jino."

"Mimba iko na meno wapi?" Aliizima taa ili nimwone uso. "Sikia, mama. Mimba nafanya hii nyama ya meno inafura haraka, hiyo ni kweli. Lakini yenye nakula ni uchafu. Wewe umeacha kusugua, uchafu imekaa, sasa nyama nalia damu. Jino bado iko na nguvu. Mimi nasafisha leo, haiwezi kuumiza mutoto. Wewe nasugua asubuhi na usiku, pole pole, hata kama damu natoka. Itaisha yenyewe."

Aliposema itaisha nikafunga mdomo. Sikutaka iishe! Nilimwambia nitarudi kesho, nina haraka, nina mgeni nyumbani.

"Mgeni gani?" aliuliza mama yangu kutoka kwenye benchi. Sauti hiyo nyumbani kwetu hakuna anayeibishia, hata marehemu baba hakuibishia. Nikafumbua mdomo, afande akakwangua ukoga wa miezi, nami nikalia machozi ambayo yeye alidhani ni ya maumivu.

Nilisugua kama nilivyoagizwa. Kila asubuhi damu ilipungua, na kila asubuhi niliogopa zaidi. Mpaka siku moja nikatema povu jeupe tupu. Nikatema tena. Nikazifyonza fizi kwa nguvu zangu zote, wapi. Nikakaa chini pale pale penye bomba nikalia kama niliyefiwa.

Mama alikuja mbio akidhani nimeteleza. Nikamwambia yote: mapengo ya mama mkwe, gego nililolichagua, na kwamba sasa damu imekatika na sijui kama mtoto yupo. Mama ni mtu wa kucheka hata matangani. Siku hiyo alichuchumaa akanifuta povu kidevuni.

"Yule wa kwanza," alisema, "damu ndiyo iliyokuambia ameondoka. Huyu naye unataka damu ikuambie yupo?"

Aliniinua, akaniwekea chai. Siku zile baada ya hapo nilikaa bila damu na bila habari, nikisugua asubuhi na usiku, na kungoja huko kulikuwa kugumu kuliko kiti cha afande. Nilikuwa mkali, kila mtu alinikwepa. Nilimgombeza hata kuku.

Siku ya mkesha wa Idi nilikuwa sebuleni napepeta mchele wa pilau. Chini ya kitovu, ndani kabisa, kitu kikanigusa. Nikatulia. Kikanigusa tena, kidogo tu, bila haraka. Nikaruka juu na ungo mkononi, mchele ukamwagika nyumba nzima, na mama, aliyejua kabla sijafungua kinywa, akapiga vigelegele mpaka jirani akaja kuuliza ni nani anayeolewa.