Sufuria ya Eduviges Tovar Mbele ya Tingatinga

Kwa Eduviges Tovar, tuna ilikuwa tunda, ilikuwa msimu, na ilikuwa kazi. Alikula tuna, alizaliwa wakati wa tuna, na kila Agosti alikwenda tuna, kama mtu anavyokwenda shamba. Msomaji wa pwani asikimbilie kopo la samaki. Samaki yule watu wa kijiji chake, El Salitrillo, wana jina lake jingine, na hawamwoni ila dukani. Tuna yao huota juu ya mpungate, ule mmea wa miiba ambao kwetu wengine huuita dungusi kakati na kuupanda uwe ua wa kuzuia mbuzi. Katika nyanda kavu za San Luis Potosí mpungate hauzuii mbuzi. Huko unalisha watu.

Mama yake alishikwa na uchungu wa kumzaa sufuria ya juisi ya tuna ikiwa motoni. Hakuiacha. Alimkabidhi mumewe mwiko, akasogea hatua sita nyuma ya ukuta wa mawe, akajifungua, na jambo la kwanza aliloulizia ni kama juisi imeungua. Eduviges alisimuliwa kisa hicho mara nyingi hata akakiona kama jambo alilolishuhudia mwenyewe. Alipofika miaka sitini na mitatu, vidole vyake vilikuwa vimekufa ganzi kwa vinyweleo vya miiba visivyoonekana kwa macho. Akikushika mkono, ulidhani umeshikwa na gome la mti.

Kutengeneza jibini ya tuna si kazi ya mtu mvivu. Jibini ni jina tu. Haina maziwa hata tone. Unatoka alfajiri umande ukiwa bado umelaza miiba, maana upepo ukiamka miiba nayo inaamka, na inatafuta macho. Unafagia matunda kwa fagio la matawi kabla ya kuyagusa. Unamenya, unachuja mbegu, unamimina juisi nyekundu katika sufuria ya shaba, kisha unakoroga kwa saa nane au tisa mpaka iwe asali nzito. Mwisho unaipiga juu ya jiwe mpaka ibadilike rangi.

Na hapo ndipo ilipo sheria ya El Salitrillo ambayo hakuna aliyewahi kuiandika. Anayefika kwenye sufuria inayochemka hupokea mwiko. Awe mgeni, awe adui, hupokea. Akishaupokea hauweki chini mpaka mwingine aupokee au sufuria ishuke motoni. Padri alikoroga. Polisi aliyekuja kumkamata mwizi wa mbuzi alikoroga, na mwizi akangoja zamu yake.

Mumewe Nicanor alifariki Eduviges akiwa na miaka arobaini na moja, akamwachia kiti chake katika mkutano wa ardhi ya pamoja. Shemeji yake, Hilarión, alitaka kiti hicho kiende kwa mwanamume. Eduviges hakubishana naye. Jumapili ya kwanza alivaa viatu vya marehemu, akaenda kukaa kwenye benchi la mbele. Walipomwambia wanawake hukaa nyuma, alisema Nicanor hakuwahi kukaa nyuma, na hivi ni viatu vyake. Kwa miaka ishirini na miwili hakuna aliyemhamisha.

Mwaka wa ishirini na mbili Hilarión alikuwa mwenyekiti wa mkutano huo. Kampuni moja ya pilipili ilitaka kukodi mlima wa mipungate, kung'oa kila kitu na kulaza mabomba ya maji. Mwenyekiti aliitisha mkutano Jumatano, katikati ya Agosti, saa ambayo kila mtu mwenye sufuria alikuwa mlimani. Waliohudhuria walikuwa wale wa bondeni, wenye mahindi. Wakanyoosha mikono, ikaandikwa kwamba mlima ni ardhi iliyolala bure, na tingatinga lingefika Jumatatu.

Habari ililetwa na Petronila, jirani yake na mama wa ubatizo wa mwanawe, aliyepanda mlima akihema. Eduviges alimsikiliza hadi mwisho huku akifagia tuna. Kisha akauliza jambo moja tu: nani aliyesema mlima umelala?

"Shemeji yako."

"Huyo aliyelelewa kwa jibini ya mlima huu mpaka meno yakaoza?"

Alishuka jioni hiyo hiyo. Alimkuta Hilarión barazani kwake pamoja na mhandisi wa kampuni, kijana nadhifu aliyeitwa Baltazar, ramani ikiwa imetandazwa kati ya vikombe vya kahawa. Hilarión alimkaribisha kwa heshima zote, akamwambia asiwe na wasiwasi, kutakuwa na kazi kwa wote, hata kwa wanawake, kivulini. Eduviges akamuuliza mkutano wa Agosti aliuota wapi. Hilarión akasema tangazo lilibandikwa mlangoni mwa ofisi. Eduviges akamwambia mipungate haisomi matangazo.

Mhandisi hakuwa mtu mbaya. Alikuwa amesoma sana na alipenda kuonyesha. Alitaka kumtuliza mama huyu, akaona amfundishe kidogo. Akamweleza kwamba hata neno tuna si la hapa. Ni la Wataino, watu wa visiwa vya Karibi, na Wahispania walilisikia huko kwanza wakalibeba kwenye meli zao. Waazteki walikuwa na neno lao, nochtli. Na wale waliozurura nyanda hizi kabla ya wote, walaji wa tuna wenyewe, neno lao hakuna aliyejishughulisha kuliandika. Mambo hubadilika, mama, alisema. Majina yanakuja na kuondoka, mimea vilevile.

Eduviges aliinama akaitazama ramani. Hilarión akadhani amelainika, akamsogezea kikombe.

"Hao watu wa visiwani," Eduviges akauliza, "wako wapi sasa?"

Mhandisi akasema wengi walikwisha zamani. Vita, magonjwa, kazi za migodini.

"Na visiwa vyao?"

"Vilichukuliwa."

"Basi walinyang'anywa ardhi wakaachiwa neno." Akasimama. "Mimi neno sina haja nalo, mwanangu. Lichukue, liandike kwenye ramani yako. Mlima niachie."

Kahawa hakuigusa.

Jumatatu, jua lilipochomoza, sufuria kubwa ya shaba ilikuwa juu ya mawe matatu katikati ya njia pekee ya kupandia mlimani. Kushoto palikuwa na korongo, kulia ukuta wa mawe. Moto ulikuwa umeshika, juisi ilikuwa imeanza kutoa povu la waridi, na Eduviges alikuwa nyuma yake na mwiko mrefu kama kasia. Petronila alikuwa akimenya. Hawakuwa na bango wala hawakupiga kelele.

Tingatinga lilifika likinguruma. Dereva wake, Eleuterio, alikuwa mzaliwa wa kijiji cha pili. Alisimama mita kumi kutoka motoni, akashusha kioo.

"Bibi Vige, nimetumwa."

"Najua, mwanangu. Pita."

Akaitazama sufuria. Akautazama mlima. Akazima injini, akateremka taratibu, akavua kofia, akapokea mwiko. Petronila alimwambia akoroge mpaka chini, asije akawa kama marehemu babake aliyekuwa anapapasa juu juu. Eleuterio akacheka, akakoroga mpaka chini.

Kufikia saa nne wanawake wengine sita walikuwa wameteremka na ndoo zao, na juisi ikawa inaongezwa kadiri inavyopungua. Harufu ilishuka bondeni, na wenye mahindi nao wakaanza kupanda mmoja mmoja, kila mmoja na kisingizio chake. Huyu alikuwa anatafuta punda. Yule alisikia kuna mtu ameumia. Wote walikoroga.

Mhandisi alikuja, akaona tingatinga limezimwa na dereva ana povu la waridi hadi kiwiko, akarudi mbio kumwita mwenyekiti.

Hilarión alipanda na hotuba tayari. Uso wake ulikuwa mwekundu, na kila hatua alikuwa akipanga sentensi. Eduviges alimwona tangu kwenye kona. Alimpokea Eleuterio mwiko, akangoja. Hilarión alipofika mbele yake akafungua kinywa, akainua mkono wa kulia kuanza. Eduviges hakumsalimu wala hakumtukana. Aliweka mwiko katika ule mkono ulioinuliwa.

Vidole vikafunga vyenyewe.

Alikuwa ameshakoroga mara tatu kabla hajagundua alichofanya. Watu wakamwona anagundua. Hakuna aliyecheka, jambo lenyewe lilikuwa zito kupita kicheko. Mhandisi akamwambia auweke tu chini waondoke. Hilarión alimtazama kama mtu aliyeambiwa avue suruali mbele ya mama yake.

"Hauwekwi chini," alisema.

"Nani wa kumpokea?" Eduviges akauliza watu. Macho yote yakaenda kwenye moto. Hakuna aliyesogea.

Basi akakoroga. Juisi ilikuwa imefika pale inapokuwa nzito na kumvuta mtu mabega. Jasho lilimtiririka. Baada ya muda Eduviges akaanza kuongea, kwa sauti ya kawaida, kama wanavyoongea watu kando ya sufuria. Akasema naona benchi la mbele lote liko hapa leo. Akasema na la nyuma pia. Akasema Petronila, hebu mwambie katibu alete daftari.

"Shemeji," Hilarión akasema kwa sauti ya chini, "nifanyie heshima. Tungoje Jumapili."

"Hukuningojea mimi."

"Kampuni itatucheka."

"Icheke. Ulisema hapa pamelala. Tazama mkono wako, Hilarión, halafu rudia."

Hakurudia. Katibu alifika na daftari, akafuta kiti cha jiwe, akakaa. Eduviges alisoma mwenyewe kile kilichoandikwa Jumatano ile, polepole, kwa sababu hakukaa shule sana, na hakuna aliyemharakisha. Kisha akauliza nani anaona mlima huu umelala bure. Wanaume kumi na wanne wa bondeni walinyoosha mikono, wengine nusu nusu. Akauliza nani anaona haujalala. Hapo mikono iliyoinuliwa ilikuwa na rangi ya waridi, na ilikuwa mingi kiasi kwamba katibu alihesabu mara mbili. Eleuterio naye alinyoosha, akaambiwa ashushe, yeye wa kijiji kingine.

"Mwenyekiti?" katibu akauliza.

Mwenyekiti hakuweza kunyoosha mkono. Yote miwili ilikuwa kwenye mwiko. Alisema andika hivyo hivyo, kisha akadondosha tone la mwiko katika kikombe cha maji, akalitazama likizama bila kuyeyuka, akasema imeiva. Hakukosea. Hata alipokuwa mtoto hakuwa akikosea.

Sufuria waliishusha watu wanne. Mhandisi aliuliza kama hilo daftari lina nguvu ya sheria, akaambiwa alipeleke kokote atakako, wao watakuwa hapa. Kampuni ilikwenda kweli kushtaki, na barua zilikuja mwaka huo na mwaka uliofuata, na kila barua ilimkuta Eduviges mahali pale pale. Hilarión alipoteza uenyekiti Januari. Agosti alipanda mlima bila kuitwa.

Lakini siku ile Eleuterio alilirudisha tingatinga kinyumenyume, kwa kuwa njia haikuwa na pa kugeuzia. Eduviges alingoja asali ipoe kidogo, akaibeba kwa mikono yake ya gome mpaka kwenye jiwe la kupigia la mama yake. Akaanza kuipiga. Petronila alimwambia imetosha, imeshabadilika rangi.

"Najua," Eduviges akasema, na akaendelea kupiga, ili wasikie huko bondeni.