Wanataka Nioshe Shimo Ambalo Sikulichafua

Admin, ficha jina langu, lakini maneno yangu usiyapunguze makali. Niko mwanamuke wa miaka 31, mutoto wa Kasongo, wa familia ya Kiislamu ya hapa hapa mujini. Sijaolewa, na hiyo siyo shida iliyonileta, kwa hiyo wenye kunitafutia bwana wapumzike kwanza.

Ninafanya kazi Ulaya, katika maabara inayotengeneza vipokezi vya darubini. Si zile darubini za kuchungulia kwa jicho. Zetu zinapokea mawimbi dhaifu sana kutoka mbinguni, ndugu za mawimbi ya simu. Yanaingia kwanza katika pembe ndogo za shaba, zenye mudomo mupana na koo nyembamba, na hizo pembe ndizo kazi ya mikono yangu. Kisha yanafika kwenye utando mwembamba wa madini yanayoitwa niobi. Utando huo tunaupoza kwa baridi ambayo hata friji ya samaki haijaiota, mpaka umeme unapita ndani bila kuzuiwa na kitu. Hapo hata mwanga uliosafiri tangu kabla dunia haijakuwa, ukiugusa kidogo tu, utando unashituka na sisi tunajua.

Sasa hiyo niobi inatoka katika koltani, lile jiwe jeusi la kwetu. Na koltani ndiyo anayochimba yaya yangu, kaka yangu mukubwa, kule machimboni Lusangi. Ana shimo lake na wachimbaji tisa, Waislamu na Wakristo, watu wa kila upande. Baba alipokufa, yeye ndiye alinisomesha kwa jiwe lile. Sijasahau, na sitaki kusahau.

Mwezi uliopita nilikuja kumuona mama. Kabla sijapanda ndege, yaya alinitumia sauti kwenye simu, mara tatu. Alisema jiwe linapotea, mushipa wake ndani ya mwamba umekuwa mwembamba kama kidole, wachimbaji wameanza kununa. Akaniomba: "Wewe unajua hii jiwe kupita sisi wote. Kuya uangalie, lakini usiambie mutu." Nilimujibu ukweli, kwamba mimi ninalijua likisha kusafishwa, mambo ya chini ya udongo siyajui. Lakini Mungu anisamehe, hamu ilinishinda. Miaka yote ninaligusa na glavu, sijawahi kuona linapotoka. Nikaenda.

Kule mwanamuke haingii shimoni. Anapika, anaosha muchanga mutoni, anabeba magunia mpaka mugongo unapinda, lakini kushuka ni mwiko. Wanasema jiwe linakimbia. Yaya alinishusha siku ya Ijumaa, wakati wamoja wako musikitini na wengine wameenda sokoni. Alinishika mukono mwenyewe kwenye ngazi ya miti, akaniambia weka muguu hapa, sasa hapa. Chini niliweka kiganja kwenye ule mushipa mweusi, nikalia. Cha kumusaidia sikukiona. Tulipotoka, mama mumoja anayewauzia wachimbaji chakula alikuwa amesimama pale na sufuria yake, akaniona nimejaa udongo mpaka kichwani.

Siku nne baadaye mushipa uliisha kabisa. Yule mama wa chakula alikuwa amekwisha kusema, na wakubwa wa machimbo wakatuita, wakauliza nani aliingiza mwanamuke. Na yaya yangu, mbele ya watu wote, akasema: "Aliingia yeye mwenyewe. Mimi sikujua."

Jamani. Nilikuwa hatua tatu kutoka kwake. Sikumupinga mbele ya watu, nikidhani atanitafuta baadaye aniombe radhi. Hakunitafuta.

Kikao kikaitwa Kasongo, nyumbani kwa baba mudogo. Wazee wa familia wakaamua nirudi Lusangi na mbuzi mweupe wa kuchinjwa, nivue viatu, nisimame kwenye mudomo wa shimo, niseme kwa sauti kwamba mimi ndiye nilifukuza jiwe. Ndipo shimo lioshwe. Nisipofanya, yaya ananyang'anywa shimo, na muke wake na watoto sita watabaki kuangalia mikono yao.

Niliwaeleza namna sisi tunafanya kazi. Kipokezi kikishituka, hatukimbilii kusema mbingu imesema. Tunafunika pembe kwanza. Kama alama inabaki na pembe imefunikwa, basi haikutoka juu, tunatafuta kosa ndani ya nyumba. Nikasema: "Jiwe lilianza kupungua mimi niko Ulaya. Nimelifukuza namna gani?" Wakaniuliza hayo ya kupungua nimeyajuaje. Nikamuangalia yaya. Yaya akaangalia mukeka. Baba mudogo akasema masomo imenimaliza adabu.

Mama ananibembeleza nimeze tu, niseme maneno mawili, nipande ndege yangu nisahau. Hapana. Mimi ninalipwa kwa kutosema kitu ambacho sijakipima. Na nikisema maneno yale, kila musichana wa Lusangi anayebeba magunia atakuwa amesemewa pamoja nami. Siombi musamaha kwa kosa la jiwe.

Jumamosi ijayo wananingojea. Nitaenda, na viatu nitavua, kwa heshima ya watu waliofukiwa katika mashimo yale. Mbuzi sina. Simu ninayo, na sauti tatu za yaya ziko ndani. Kwa hiyo musipoteze muda kunishauri nipige magoti, hilo limekwisha. Shida yangu ni hizo sauti. Nikizifungulia pale, yaya hatapoteza shimo peke yake, hataweza tena kukaa Lusangi na jina lake. Nisipozifungulia, mimi ndiye nitabaki mwanamuke aliyefukuza jiwe, mpaka kwa wajukuu.

Nimemuandikia neno moja tu: sema wewe, kabla sijasema mimi. Amelisoma, alama mbili za buluu ziko pale tangu juzi, na jibu hakuna. Nyinyi mulio na ndugu aliyewalea kisha akawauza, niambieni: nimungoje mpaka Jumamosi asubuhi, ao nibonyeze sasa, sauti ziwafikie wakubwa wa machimbo?